Dallas, Minneapolis au Columbus: tuhamie wapi?

Swali: Assalaam alaykum mama, shikamoo. Tuliingia Marekani mwaka jana kwa grini kadi, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine minne. Tupo Jersey City kwa shemeji yangu, wote wanne chumba kimoja. Hajasema neno, lakini mgeni siku mbili. Mume wangu aliendesha malori ya Dar hadi Lubumbashi miaka mingi na anataka leseni ya malori ya hapa. Mimi ni muuguzi wa stashahada, nilikuwa hospitali ya mkoa Tanga. Kwa sasa namhudumia bibi mmoja nyumbani kwake. Akiba yetu ni dola 9,000. Mume wangu anataka Dallas, wenzake wamemwambia hakuna kodi ya mapato. Mimi nina mtoto wa mama mkubwa Minneapolis, naye ni wa hizi kazi za wagonjwa, zamu za usiku. Mama mdogo yupo Columbus, Ohio, anafanya kazi jiko la shule. Na kila orodha ya miji bora ninayosoma, Seattle imo. Twende wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi: kwa hali mliyo nayo, nendeni Columbus, upande wa kaskazini wa mji, karibu na mama mdogo. Minneapolis iwe ya pili. Dallas iwe ya tatu, na nitakwambia ni jambo gani likibadilika ndiyo iwe ya kwanza. Seattle iacheni.

Seattle niimalize haraka. Ni mji mzuri, mishahara ya chini kabisa pale ni kati ya mikubwa nchini, na Waafrika Mashariki wamejaa Tukwila, SeaTac na Kent. Lakini pango la nyumba linammeza mtu asiye na mshahara wa kampuni za kompyuta. Zile orodha za miji bora hupima mikahawa, bustani, hali ya hewa na kipato cha wastani, kwa mtu ambaye tayari ana shahada inayotambulika hapa, alama nzuri za mikopo (rekodi ya hapa ya jinsi unavyolipa madeni) na gari. Nyinyi hamna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kwa sasa, na si aibu. Ndivyo kila mhamiaji anavyoanza. Mji unaomfaa mtu wa namna hiyo si lazima uwafae nyinyi mwaka huu.

Sasa kuna jambo ambalo naona kwenye barua yako hamjalikalia chini. Mnatafuta mji wa watu wawili wazima, wakati mji wenyewe utakuwa wa mtu mmoja. Dereva anayeanza na kampuni za masafa marefu huondoka nyumbani wiki mbili au tatu, anarudi siku chache, anaondoka tena. Kwake Dallas na Columbus ni sehemu ya kuegesha na kuoga. Atakayeamka na watoto, atakayepigiwa simu na shule kwamba mtoto ana homa, atakayekwenda dukani kwenye theluji au kwenye joto la nyuzi 40, ni wewe. Kwa hiyo swali lenu lisiwe mji upi unalipa, liwe ni mji upi wewe peke yako, ukiwa na watoto wawili na zamu ya usiku, utauweza.

Chukua karatasi uandike Jumanne moja. Kazi za wasaidizi wa wauguzi kwenye hospitali na nyumba za wazee nyingi ni zamu za saa kumi na mbili au saa nane, na mgeni kazini hupewa usiku kwanza. Chukulia unaingia saa moja jioni na unatoka saa moja asubuhi. Watoto wanalala na nani? Nani anampeleka mkubwa kwenye basi la shule asubuhi kama umechelewa kupokewa zamu? Mdogo, ambaye bado hajaanza shule, unamwacha wapi mchana ili ulale? Usije ukafikiria kumwacha wa miaka tisa amlinde mdogo wake usiku kama tulivyolelewa sisi uswahilini, ambako mlango wa jirani uko wazi. Hapa jirani atapiga simu, na watu wa ustawi wa jamii wanakuja kweli. Nimekaa na familia nyingi zilizofika kwa miaka hii ya kuwasaidia wageni, na zilizoyumba mwaka wa kwanza nyingi ziliyumbia hapo hapo, kwenye malezi. Mshahara ulikuwepo.

Ndiyo maana ndugu wa Columbus ana uzito kuliko ndugu wa Minneapolis, hata kama huyo wa pili ndiye anayekuita kila siku. Mtu wa jiko la shule anatoka alfajiri na mchana anakuwa amerudi. Usiku yupo nyumbani, likizo za watoto naye yupo likizo. Mtoto wa mama mkubwa anafanya zamu zile zile utakazofanya wewe. Mtapendana sana, lakini mtakutana mlangoni mkipishana. Kabla hamjafunga hata sanduku moja, mpigie mama mdogo. Usimuulize Columbus ikoje, kila mtu anausifu mji alipo. Muulize anaingia kazini saa ngapi, anatoka saa ngapi, ana mpango wa kuhama, na je, yuko tayari watoto walale kwake usiku mara tatu kwa wiki, na wewe utamsaidia nini katika pango na chakula. Mkubaliane kwa maneno yanayosikika. Msaada wa ndugu ambao haukutajwa kiasi ndio unaovunja undugu.

Turudi kwa mumeo na ile habari ya kodi, maana hoja yake si ya kupuuza. Ni kweli, Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Ohio inatoza, kuanzia mwaka 2026 ni asilimia 2.75 kwa kipato kinachozidi dola 26,050. Tena kuna jambo ambalo wengi hulijua wakishahamia: Columbus kama mji nao unatoza kodi yake ya mapato, asilimia 2.5, na hiyo inaanzia dola ya kwanza ya mshahara. Kwa mtu anayepata dola 60,000 kwa mwaka, zote mbili pamoja hazifiki dola 3,000. Yaani chini ya dola 250 kwa mwezi. Ni pesa, siwezi kusema si pesa. Lakini Dallas gari la pili ni lazima, kwa sababu la kwanza mumeo ataliacha kwenye maegesho ya kampuni au mtaligombania siku akiwa nyumbani. Bima ya gari la mtu asiye na historia ya udereva hapa, mafuta, barabara za kulipia, na marejesho ya mkopo wa riba kubwa kwa mtu asiye na alama za mikopo: hayo yanameza hiyo 250 kabla mwezi haujafika katikati. Na Texas isipochukua kwenye mshahara inachukua kwenye nyumba. Kodi zake za majengo ni kati ya kubwa nchini, na mpangaji anazilipa bila kuziona, ndani ya pango.

Dallas yenyewe ni eneo kubwa kupita kiasi, na mtu akisema "nakaa Dallas" huenda anakaa Arlington, Irving, Garland au Fort Worth, ambako kila mahali pana mambo yake. Arlington, kwa mfano, ina watu karibu laki nne na haina mabasi ya kawaida ya abiria. Kuna vigari vidogo vya kuita kwa simu tu. Mama asiye na gari pale amefungwa. Sheria ya mshahara wa chini Texas bado ni dola 7.25 kwa saa, kiwango cha taifa ambacho hakijapanda tangu mwaka 2009. Kazi za wagonjwa zinalipa zaidi ya hapo kote, ila kiwango cha chini ndicho kinachoamua ukipata kazi ya muda dukani utalipwaje.

Hata hivyo Dallas ina mazuri ambayo lazima niyaseme. Kwa dereva ni kitovu: barabara kuu za I-20, I-30, I-35 na I-45 zinakutana hapo, maghala hayahesabiki, na ziko kazi za malori ambazo mtu hurudi nyumbani kila jioni. Na kuna hili kwa ajili ya mdogo wenu: Texas, mtoto wa miaka minne ambaye bado hajui Kiingereza, au ambaye kipato cha wazazi wake ni kidogo, anastahili darasa la awali la bure kwenye shule ya serikali. Deikea, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, ya kulipia kwa mtoto mmoja inaweza kukaribia pango la nyumba, kwa hiyo hilo si dogo. Basi kama mumeo atapata, kwa barua mkononi, kazi ya malori ya kurudi nyumbani kila siku Dallas, hesabu yangu yote inapinduka. Hapo mtakuwa wazazi wawili, na Dallas inakuwa mji wa kufikiriwa kwa dhati. Lakini kampuni nyingi hutaka uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi wa barabara za hapa kwa kazi hizo. Mambo ya mipakani Tunduma na Kasumbalesa, njia ile ya Lubumbashi, hawayahesabu, ingawa mimi najua ni magumu kuliko haya.

Minneapolis nimeiweka ya pili kwa heshima kamili. Wasomali wako wengi kuliko mji wowote wa nchi hii, kwa hiyo misikiti, madrasa na nyama ya halali si jambo la kutafuta. Wakenya wako wengi pia, hasa Brooklyn Park na vitongoji vya karibu. Tangu mwaka 2023 watoto wa shule Minnesota wanakula asubuhi na mchana bure, wote, bila fomu ya kipato. Na kuanzia Januari 2026 mfanyakazi anaweza kupata likizo ya uzazi au ya kuuguza yenye malipo hadi wiki 12, jambo ambalo Ohio na Texas hazina. Kama mnafikiria mtoto wa tatu, liweke hilo mezani.

Kinachonizuia ni mambo mawili. Baridi kwanza, na sizungumzii kuzizima tu. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na ziko asubuhi za nyuzi 25 chini ya sifuri. Asubuhi kama hiyo betri ya gari inakufa, shule inaweza kufungwa kwa siku, na kila mtoto anahitaji buti, koti na glavu za kweli, si za kubahatisha. Mama aliye peke yake analipa baridi kwa siku za kazi anazozikosa. La pili ni leseni yako, na hapa nisikilize vizuri.

Wewe ni muuguzi. Kazi ya sasa ya kumhudumia bibi ni daraja, usiifanye nyumba. Ziko dada zetu walioingia kwenye kubeba boksi "kwa mwaka mmoja" na vyeti vyao vikabaki kwenye sanduku muda mrefu mno. Njia yako ni hii: vyeti vyako vya chuo na uthibitisho wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania vinapelekwa kutathminiwa, kwa kawaida na TruMerit, shirika la kutathmini vyeti lililokuwa likiitwa CGFNS, unafanya mtihani wa Kiingereza kama bodi inautaka, bodi ya uuguzi ya jimbo ulilochagua inakuruhusu ufanye mtihani wa NCLEX-RN, ule wa kuwa muuguzi aliyesajiliwa (RN), ukifaulu, inakupa leseni. Hakuna leseni ya nchi nzima. Ila yapo majimbo zaidi ya arobaini yaliyoungana, leseni ya mkazi wa jimbo moja inafanya kazi kwenye mengine. Ohio imo tangu mwaka 2023. Texas imo. New Jersey mliko imo. Minnesota haimo. Ukipata leseni yako ukiwa mkazi wa Ohio, kesho mkitaka Texas mnahama na kazi inakupokea huku karatasi za kudumu zikifuata. Ukianzia Minnesota, kila jimbo jipya ni maombi mapya. Mtihani haurudiwi, lakini ada na miezi ya kusubiri vinarudi.

Anza leo na barua ya kuomba vyeti na uthibitisho kutoka nyumbani, hata kabla hamjaamua mji. Mtu wa kukufuatilia chuoni na kwenye baraza, anayeweza kwenda mwenyewe na kusimama dirishani, ana thamani kuliko barua pepe kumi.

Wakati huo huo ukifika Ohio ingia kozi ya msaidizi wa muuguzi. Sheria ya taifa inataka angalau saa 75 za mafunzo, kila jimbo laweza kuongeza, na nyumba nyingi za wazee zinakufundisha zenyewe bila kukutoza. Ukiwa ndani ya hospitali kama msaidizi, ukipata leseni ya RN wanakujua jina. Columbus haikosi hospitali: ipo ya Chuo Kikuu cha Ohio State, zipo za OhioHealth, ipo ya watoto ya Nationwide Children's.

Kwa nini kaskazini ya mji? Kuna basi la haraka linaloitwa CMAX, linatoka katikati ya mji na kufuata Cleveland Avenue, mtaa wenye maduka mengi ya Wasomali na Waafrika wengine, linapita hospitali ya St. Ann's kule Westerville na kuishia kwenye Africa Road. Jina hilo limetokana na kijiji cha watu Weusi waliopata uhuru wao na kukaa hapo kabla ya vita vilivyoukomesha utumwa. Nikipita hapo hunigusa kila mara. Mkipanga karibu na njia hiyo, gari moja litawatosha kwa mwaka wa kwanza. Msijidanganye kwamba Columbus ni mji wa usafiri, hauna hata treni ya abiria. Lakini kwenye mstari huo mmoja utafika kazini, dukani na msikitini.

Kuhusu shule, angalia kitu hiki kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. Columbus mipaka ya mji na mipaka ya wilaya za shule hailingani. Kuna nyumba ambazo anwani yake ni Columbus, mnalipa kodi ya Columbus, lakini mtoto anasoma shule za Westerville, na nyumba ya ng'ambo ya barabara ni wilaya nyingine kabisa. Usiulize kitongoji, uliza wilaya ya shule ya anwani hiyo, kwa namba ya nyumba. Uliza pia shule ina mwalimu wa watoto wanaojifunza Kiingereza. Mkubwa wenu atahitaji mwaka, pengine miwili, ya kusaidiwa, na ana haki nayo kisheria.

Sasa pesa. Dola 9,000 zinatosha kuhama, hazitoshi kukosea. Wenye nyumba wengi wanataka kipato cha mwezi kiwe mara tatu ya pango. Chukulia nyumba ya vyumba viwili ni dola 1,400: wanataka kuona 4,200. Wewe kwa dola 20 kwa saa, saa 36 kwa wiki, unapata kama 3,100 kabla ya makato. Peke yako hupiti. Na mumeo akiingia moja kwa moja kwenye chuo cha malori hatakuwa na mshahara wiki kadhaa. Kwa hiyo mpangilio ninaowashauri ni huu: mfikie kwa mama mdogo, mumeo achukue kazi ya ghala mara moja, maghala yapo tele kuzunguka uwanja wa ndege wa Rickenbacker, muwe na stakabadhi za mishahara ya miezi miwili, ndipo muombe nyumba kwa majina yote mawili. Chuo cha malori kifuate baada ya kuingia kwenye nyumba yenu. Msilipie mtu amana ya nyumba ambayo hamjaingia ndani yake na kufungua bomba kwa mkono wenu.

Na asianze chuo New Jersey. Leseni ya malori inafungwa kwenye jimbo unaloishi, na ukihama unatakiwa uihamishe ndani ya siku 30; ahame kwanza, asome kule. Mwambie pia aunoe Kiingereza chake cha barabarani kwa bidii. Tangu Juni 2025 askari wa ukaguzi wanaweza kumsimamisha dereva papo hapo kama hawezi kuzungumza naye na kuelewa alama za barabara. Grini kadi haimkingi na hilo. Afanye mazoezi ya kueleza kwa sauti ametoka wapi, anakwenda wapi, amebeba nini, ameendesha saa ngapi.

Afya: watoto wenye grini kadi wa familia yenye kipato kidogo wanaweza kupata bima ya serikali bila kusubiri, Ohio na hata Texas. Nyinyi wakubwa mna miaka mitano ya kusubiri Medicaid, bima hiyo ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa hiyo kila kazi mtakayopewa ulizeni bima inaanza siku ya ngapi na makato yake ni kiasi gani kwa mwezi. Dola mbili zaidi kwa saa bila bima ni hasara.

Kama mama mdogo atakwambia anahama, au kazi yake imebadilika kuwa ya usiku, usilazimishe Columbus kwa sababu mimi nimesema. Rudi kwenye karatasi yako ya Jumanne uijaze upya kwa Minneapolis, na umuulize mtoto wa mama mkubwa kama ana jirani au mama wa msikitini anayelea watoto usiku kwa malipo. Wapo kule, na wengine wana vibali rasmi vya kazi hiyo.

Mkishahama, ndani ya siku 10 kila mmoja wenu, watoto wakiwemo, awe ameitaarifu idara ya uhamiaji anwani yake mpya kwa fomu ya AR-11. Inajazwa kwenye intaneti, haina ada. Wewe na mumeo mtembee na grini kadi zenu wenyewe mfukoni, si picha kwenye simu. Kwa mtu wa miaka 18 na zaidi ndiyo sheria. Safarini kutoka Jersey City zisiwekwe kwenye sanduku, wala vyeti vyako vya uuguzi.